Utani wa Mlango Uliofungwa

Palma, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Quiterajo. Natumaini goti limepoa na muhogo umeanza kushika baada ya mvua. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na mafua yaliyonisumbua yamekwisha. Najua umeshasikia maneno juu yangu. Yaweke kando kidogo, usikie na yangu.

Kama ujuavyo, mimi ni shefe, msimamizi wa zamu ya asubuhi kwenye lavandaria ya kambi, tunafua shuka za wafanyakazi. Tuko wanawake watupu, na kelele zetu zinazishinda mashine. Kati yetu yuko Belmira, binti wa Kimakonde kutoka Mueda, anayelea wadogo zake kwa kazi hii. Siku moja watu wakaja juu, shuka zinanuka jasho. Kumbe Belmira, niliyempangia kuchukua sabuni ghalani, alikuwa akifua kwa maji matupu. Nikamwita pembeni nimfokee. Akalia, akaniambia haendi ghalani kwa sababu mtunza ghala akimwona hufunga mlango, humshika mwili, na kumwambia kwamba akisema atatafutiwa kosa afukuzwe.

Mama, nilikosa pa kuweka uso. Wenzake walikuwa wanajua. Wakaniambia nisilikuze jambo, mtunza ghala ni Mmakua kama sisi, Wamakua na Wamakonde ni watani, basi huo ni utani tu. Belmira mwenyewe alinisihi ninyamaze, maana kazi ikipotea wadogo zake watakula nini. Lakini shefe akishaambiwa, habari si yake tena kuificha. Ndivyo tulivyofundishwa, na hata tusingefundishwa, ningewezaje kumtuma mwanamke mwingine kule? Nikamshika mkono, tukaenda siku hiyohiyo kwa Dona Hermínia, mkuu wa watumishi, aproni zetu bado zimelowa.

Mtunza ghala alipoitwa hakukana. Alicheka, akaeleza utani wetu kwa ufasaha wote, jinsi watani wanavyotukanana hata msibani na hakuna anayenuna. Dona Hermínia ni mtu wa Inhambane, mambo yetu hayajui, nikamwona anaanza kukubali kuwa hizo ni mila za watu. Hapo Belmira, ambaye siku zote huongea kwa kunong'ona, akasimama.

"Utani ni wa mbele ya watu," alisema. "Wewe unanitania, mimi nakurudishia, wote wanacheka. Sasa mbona ulifunga mlango? Na mtani gani anamtishia mwenzake kumfukuzisha kazi?"

Nami nikaongeza kwamba nimetaniwa tangu utotoni, na hakuna mtani aliyewahi kunishika mwili. Dona Hermínia akawaita wenzetu mmoja mmoja, na kwa kuwa Belmira ameshasema, nao walisema. Mtunza ghala ameachishwa kazi. Belmira yupo, na siku hizi sauti yake ndiyo inayotupigia kelele sote. Najivunia, mama, yeye na mimi mwenyewe, sikufichi.

Sasa lile ambalo kalamu imekuwa nzito kuliandika. Mtunza ghala huyo ni mjomba Sualehe, ndugu yako wa tumbo moja, aliyenitafutia kazi hii na kunipa pa kulala nilipofika Palma. Nilijua ni yeye tangu Belmira alipotamka neno la kwanza. Nililia njia nzima kwenda ofisini, lakini sikurudi nyuma. Anasema nimemuuza. Bado nampenda, na inaniuma sana, lakini ingekuwa leo ningefanya vilevile.

Baada ya mfungo wazee wa Bachir watakuja kuniposa. Kwetu mjomba ndiye anayeitikia posa, na watu watauliza yuko wapi. Usinitafutie mjomba wa kuazima. Nataka ukae wewe pale mbele, uitikie wewe. Wakiuliza sababu, usiinamishe kichwa, waambie yote.

Nisalimie shangazi na majirani wote, na usibebe maji kwa goti hilo. Mungu akuweke.

Mimi mwanao,
Sumaia