Fremu Inayomngoja Somo

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko? Wifi yangu amerudiwa na nguvu tangu ajifungue? Na binti yenu analala usiku, au ameamua kukulipiza ulivyomkeshesha mama ulipokuwa mchanga? Sisi ni wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo, lakini kicheko chake bado kinaamsha majirani. Mimi ni huu mgongo tu, nimeshauzoea.

Kadi ya kamera uliyompa mwenzako wa kazini ilifika salama. Picha ni tele: mtoto amelala, mtoto anapiga miayo, mtoto ametoa ulimi. Tulizitazama kwenye kompyuta ya shemeji yako, tukabishana pua kaichukua kwa nani. Ni yangu, na sitaki mjadala.

Mama hakubishana. Alisogea mpaka paji la uso likagusa kioo, akauliza mtoto yuko upande gani.

Sikukwambia kwenye simu kwa sababu alinikataza. Macho yake yanafifia. Daktari anasema hakuna dawa ya kuyarudisha, na yatazidi kupungua kidogo kidogo. Vitu vikubwa bado anaviona, mchana, kukiwa na mwanga. Anachotaka ni kimoja tu: huyo mliyempa jina lake, huyo somo yake, amwone sura angali anaweza. Na wewe hupati likizo mpaka mwakani.

Basi nilichagua picha ambayo mtoto anatazama kamera, nikaipeleka studio waichapishe kubwa kama mlango wa kabati. Ikatoka viraka vitupu. Jicho lilikuwa miraba myeusi. Nilimjia juu mpiga picha, nikidhani kaharibu yeye. Akanionyesha bila hasira kwamba kamera yako umeiweka kwenye ukubwa mdogo kabisa na ubora wa chini kabisa, ili kadi moja ibebe picha maelfu. Nikacheka, halafu machozi yakanilengalenga. Nani mwingine angefanya hivyo ila mtoto wa nyumba yetu, tulimolelewa tukipasua mrija wa dawa ya meno kwa mkasi ili tukombe ya mwisho?

Nilimweleza mama. Aliipapasa ile karatasi, akasema, "Kubana nilimfundisha mimi. Sasa mwambie asinibanie."

Kwa hiyo, mdogo wangu, ingia kwenye menyu, penye ukubwa wa picha, uchague ulio mkubwa kuliko yote. Ni kama kitambaa: ukikikata kidogo tangu mwanzo, hakuna fundi atakayekutolea gauni humo. Kisha tafuta ubora, maana hilo ni jambo jingine. Uweke wa juu kabisa. Ukiwa chini, kamera huishindilia picha kama nguo kwenye begi, na hiyo mikunjo haipigiki pasi. Kadi itajaa upesi. Iache ijae. Mpige mtoto picha karibu na dirisha, uso ujaze picha, na ile kofia ya maua mvue. Usiitume kwa simu, huko hupunguzwa njiani. Mpe kadi yenyewe mtu wa kwanza atakayekuja huku.

Usijilaumu, nakuomba. Mama mwenyewe hana kinyongo. Anacheka ukitajwa.

Shemeji yako anakusalimu, na mama mkubwa pia, na jirani yetu fundi viatu ambaye hachoki kukuulizia. Mbusu binti kwenye ile pua yangu. Mungu awafunike kwa rehema zake, na awajalie walau usingizi wa mchana.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni,

Mama Cherehani

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Mama alimwagiza shemeji yako atundike fremu ya picha mapema, kubwa, nyeusi, kwenye ukuta mweupe unaotazamana na kitanda chake. Kila asubuhi huitafuta kwa macho kwanza, ndipo ananiambia, "Naiona." Leo ameniuliza nani kaiondoa. Haijaondolewa. Ipo pale pale.