Hundi ya Bi Mkasi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nzito kama kochi la watu watatu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wale wanangu wawili. Mgongo wako umepata nafuu, au wodi bado inakupigisha zamu juu ya zamu? Na shemeji, ameacha kukoroma, au ndiyo umeshazoea? Sisi huku tunapumua, tunakula, na kazi ipo. Hayo ndiyo makubwa.

Najua umeshangaa kuletewa barua badala ya simu. Kuna maneno ambayo kwenye simu hukatikakatika, nami nataka haya yakufikie mazima, uyasome ukiwa umekaa. Isitoshe, najua shangazi ameshakupigia, na habari ikipita kwa shangazi hufika imenenepa. Atakuwa amekwambia kwamba nimeingia kwenye biashara ya hundi bandia na kwamba nusura nilale rumande. Sijalala rumande, dada, wala hundi haikuwa bandia. Jambo lenyewe limekwisha, na nimelimaliza mimi. Tulia nikusimulie.

Unakumbuka Mama aliponikabidhi karakana ya viti tulifunga akaunti yake ya zamani, ile ambayo hundi zake zilitusomesha. Tulikwenda benki pamoja, yeye amevaa gauni lake la kutokea, akatia sahihi kwa madaha kama mtu anayezindua daraja. Binti wa dirishani alimwomba arudishe kitabu cha hundi, Mama akamjibu kwamba kilikwisha zamani. Hapo hapo tukafungua akaunti mpya ya karakana, ambayo yeye anaweza kutia sahihi na mimi vilevile. Nikatoka pale nikijua kwamba ile ya zamani imeshazikwa.

Sasa, siku moja nilikwenda zahanati kupima viti vya chumba cha kungojea. Dada, viti vile vimekaliwa na wagonjwa hadi sponji zimetoa ulimi. Kazi nzuri, ya kutuweka mjini mwaka mzima tukiipata. Niliporudi karakana nikakuta majora ya kitambaa yameegemezwa ukutani. Mahameli, rangi ya zambarau iliyoiva, yenye maua ya dhahabu makubwa kama sahani. Yalikuwa yametoka kwa Mzee Jora, yule muuza vitambaa ambaye jina hilo tulimpachika sisi tungali watoto, na siku hizi hata yeye akijitambulisha hulitumia. Dereva wake alishapewa hundi akaenda zake. Nilimwuliza Mama, akanijibu. Alichonijibu nitakwambia mbele, kila neno na zamu yake. Nikarudi kwenye hesabu za zahanati.

Haukupita muda, asubuhi moja, Mzee Jora akaingia karakana bila hodi. Na kuingia kwenyewe akachagua siku ambayo meneja wa zahanati alikuwa amekuja kuona kiti cha mfano, na mama wa saluni ya jirani amesimama mlangoni akingoja stuli zake. Mzee ameshika hundi juu kama mwamuzi anayetoa kadi nyekundu. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara kwamba benki imemrudishia, akaunti imefungwa, na kwamba baada ya miaka yote hii hakutegemea Bi Mkasi amlipe kwa karatasi tupu. Bi Mkasi mwenyewe, Mama yetu, akatoka chumba cha ndani, nyundo mkononi na misumari mdomoni. Akaitema misumari kiganjani, akaipokea hundi, akaisogeza mwangani, akaisoma.

Kisha akaigeuza, akaisoma tena kuanzia mwanzo.

Dada, wewe uliwahi kumwona Mama anasoma karatasi mara mbili? Mwanamke ambaye wauzaji wa sponji walikuwa wakimwona kwa mbali wanapunguza bei wenyewe? Alisimama pale anaitazama ile karatasi kama mtu aliyepewa picha ya watu asiowajua.

Nikajitia kati. Nikamwambia Mzee Jora shikamoo kwanza, maana mtu mwenye hasira ukimwamkia hana budi aitikie, na akiitikia pumzi humrudi. Akaitikia shingo upande. Nikasema:

"Kosa ni langu, mzee wangu. Mama aliniomba kitabu cha hundi, mimi nikampa kile cha zamani. Yeye katia sahihi alichopewa. Ukitaka wa kumlaumu, ni mimi hapa."

"Wewe Sindano," akasema, "mama yako alikuwa hafanyi makosa haya."

"Ndiyo, mzee. Mimi ndiye ninayejifunza."

Watu wakanitazama kama wanavyotazama mtu aliyejikwaa sokoni. Meneja wa zahanati akafunga mkoba wake, akasema atapita siku nyingine, na sote tunaijua hiyo siku nyingine. Mzee Jora akakata maneno: jua lisizame hajaiona fedha yake, la sivyo anakwenda polisi na ile hundi. Nikamwambia halitazama.

Nilikwenda benki kwa miguu, ili njiani nipate kufikiri. Binti wa dirishani akanipeleka kwa msimamizi wake, mwanamume mpole anayezungumza kana kwamba kila neno analipia. Nilimwuliza kama akaunti inaweza kufunguliwa walau kidogo tu, hundi ipite, ifungwe tena. Akatabasamu. Akaniambia akaunti ikishafungwa haifufuliwi kwa ajili ya hundi moja, na hata ikifufuka haina kitu ndani. Lakini akaniambia nisihangaike, dawa yake ni fupi: nimlipe mdai wangu moja kwa moja kutoka akaunti iliyo hai, nimfidie na makato aliyokatwa na benki yake, nichukue ile hundi iliyorudi, kisha nirudishe hundi zote zilizobaki kitabuni ziharibiwe mbele yangu. Naye angeniandikia barua ya kueleza kwamba akaunti ilifungwa na mwenyewe kwa hiari yake, haikuwa na deni, na kwamba kitabu kilibaki mkononi kwa bahati mbaya.

Nikarudi mbio nyumbani kukichukua kitabu. Nikazirudisha benki hundi zilizobaki, zikatobolewa, zikakatwa, nikiona. Halafu nikatia sahihi malipo ya Mzee Jora. Fedha yenyewe ilikuwa ya kununulia sponji za zahanati, nayo ndiyo pekee tuliyokuwa nayo.

Dukani kwa Mzee Jora sikuingia kwa kunyata. Kosa lilitangazwa mbele ya watu, basi na malipo yawe mbele ya watu. Nikamwekea risiti ya benki mezani, na fidia ya makato, na barua ya msimamizi. Akavaa miwani, akasoma vyote, akatazama simu yake, akaona fedha imeingia. Akanirudishia hundi, nami nikaichana pale pale. Wateja wake wakacheka, naye akacheka.

Kesho yake sikumngoja meneja wa zahanati apite. Nilimfuata ofisini kwake na ile barua, nikamweleza yote bila kuzunguka, nikamwambia kwamba fundi asiyeweza kurekebisha kosa lake hawezi kumrekebishia kiti. Aliisoma barua, kisha akaniuliza naanza lini. Nikamwambia naanza akitoa malipo ya awali, maana sina sponji. Akatoa. Na ile mahameli ya maua, ambayo mtaa mzima ulinicheka kwa kuinunua, mama wa saluni ameichukua yote. Anasema wateja wake wakiikalia watajiona malkia, na malkia halalamiki bei ya kusuka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, kwa watu wote. Na shangazi akikuuliza, mjibu hivyo hivyo, usipunguze wala usiongeze. Lakini wewe nakupa na kilichobaki.

Mimi sikumpa Mama kitabu chochote.

Siku ile niliporudi kutoka zahanati, nilimkuta ametandaza mahameli juu ya meza ya kukatia, anaimba. Nikamwuliza ni kazi ya nani. Akaniambia kwa furaha kwamba ni viti vya sinema, na wenyewe wanavitaka upesi. Dada, sinema ile ilibomolewa mimi sijaanza shule. Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Akanishangaa, kama kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu. Nikajiambia ni uchovu, nikaligeuzia neno lile mgongo. Na kitabu cha hundi nilikikuta chini ya kitanda chake, kwenye kapu la vifungo, kimefungwa kwa kitambaa kama kitu cha thamani.

Wewe ni muuguzi. Hapo nadhani umeshanitangulia.

Jioni ya siku niliyomlipa Mzee Jora, tukifunga milango ya karakana, Mama aliniambia bila kunitazama, "Hukunipa kitabu wewe."

Nikamwambia, "Najua, Mama."

Akakaa juu ya stuli, akanieleza. Kwamba amekuwa akipotea hivyo tangu kabla hajanikabidhi karakana, na kwamba ndiyo sababu alinikabidhi. Mimi nilidhani amechoka, kumbe alikuwa anawahi. Kwamba kuna asubuhi huamka akamtengea marehemu Baba chai, akaketi kuingoja hatua yake mlangoni, mpaka akili imrudie na chai imeshapoa. Alilia kidogo, kisha akakasirika kwa kulia. Akaniapisha nisikwambie, maana wewe utaacha kazi yako uje kumlinda kama kichanga.

Niliapa. Leo ninavunja kiapo hicho, lakini sikivunji kwa mlango wa nyuma. Nilimwambia usoni kwamba nakuandikia, kwa sababu mzigo wa mama wa wawili haubebwi na mmoja. Aligomba mpaka sauti ikamkauka. Akaondoka, akaenda akapiga misumari miwili mitatu, akarudi akasimama nyuma yangu.

"Andika," akasema. "Lakini usiandike kama naumwa. Andika kama nafanya kazi."

Basi nakuandikia kama anafanya kazi, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Viti vya zahanati anavikata yeye, kwa jicho, bila futi, na kila kipande kinakaa mahali pake kama kilizaliwa hapo. Nimempeleka kwa daktari. Amepimwa, amepewa dawa na tarehe za kurudi, na kuna majibu nataka uyasome wewe unayejua lugha yao. Benki tumerudi pamoja, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema sahihi yake iondolewe. Alimwambia msimamizi kwamba mkono wake umestaafu hundi, haujastaafu mkasi. Na Mzee Jora, siku ile wateja walipotawanyika, alinivuta pembeni akaniambia Bi Mkasi akiagiza tena atanipigia mimi kwanza, kuuliza rangi tu. Aliitazama meza yake alipokuwa akisema. Nikajua kwamba amejua, na kwamba hatamwambia mtu.

Kwa hiyo, dada, usiache kazi, wala usilie ukiwa zamu. Omba likizo yako, uje tukae watatu tupange mambo wakati Mama mwenyewe bado anaweza kupanga nasi. Mimi siogopi. Nilikuwa naogopa peke yangu, na sasa umeshajua.

Nisalimie shemeji, uwabusu wanangu. Mama anakusalimu sana. Amekaa hapa pembeni ananihimiza nimalize, kazi inangoja. Anasema ukija, ile sauti yako ya wodini uiache huko huko, ila nguo za kazi usisahau.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Sindano