Moshi wa Hoteli Yangu

Jumatatu, 2 Machi

Mandazi yameisha mapema, matumbo yamebaki. Mchana mvua kama kawaida. Watu wa boda boda wote ndani, madirisha yamefungwa, sigara zinawaka. Biashara safi.

Afisa wa afya akaingia amelowa chapachapa. Ati nibandike tangazo, hakuna kuvuta humu. Nikamcheka. Hoteli ni yangu, sigara ni zao, vifua ni vyao. Asiyetaka moshi aende kwingine, Ekerenyo ina hoteli tele. Wateja wakapiga makofi. Nilijisikia mkubwa.

Alhamisi, 5 Machi

Chifu ameitisha baraza Jumatano, mambo ya sigara. Nitasema. Nautamani udiwani, sitajidanganya. Maneno ninayo: serikali itutengenezee barabara, pua zetu ituachie wenyewe. Nimeyarudia jikoni mpaka Kemunto akacheka. Halafu akakohoa sana. Huu mwaka wa pili ananipakulia wateja chakula. Msichana mtulivu, hana neno. Moshi wa kuni huo, nadhani.

Jumatano, 11 Machi

Nimewaweza!

Afisa aliongea vizuri, lo. Kwamba mteja huja akaondoka, lakini mhudumu hushinda humo humo kutwa. Watu wakaanza kukubali. Nikaona nashindwa, nikamsimamisha Kemunto mbele ya wote. Sikumtayarisha. Umewahi kulalamika juu ya moshi, wewe?

Akatazama viatu vyake. "Yaya, Mama. Hapana, sijawahi."

Vicheko. Makofi. Hata chifu alicheka. Afisa akakunja karatasi zake.

Nimekunywa soda mbili kwa furaha. Ila njiani Kemunto hakuniangalia.

Alhamisi, 12 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Mvua, hoteli imejaa, moshi mpaka sioni kalenda ukutani. Chai imeagizwa, haiji. Nikatoka nyuma nikifoka. Kemunto amechuchumaa kwenye migomba, ananyeshewa, pampu ya pumu mdomoni. Kifua kinapiga filimbi. Niliisikia kabla sijamfikia.

Alipoweza kusema akaniambia nimsamehe, chai analeta. Nimsamehe! Mimi!

Nikambeba mpaka kitini jikoni, chai nikapeleka mwenyewe. Na sikuwaambia wazime. Niliwaonea haya watu walionipigia makofi jana. Hilo linanichoma kuliko yote.

Ijumaa, 13 Machi

Hajaja. Simu imezimwa.

Omwando wa boda boda akawasha sigara yake. Nikamwambia nje. Akadhani ni utani, nikamfukuza na mwiko. Akaniuliza uhuru wangu umeenda wapi. Wenzake wakamfuata, ugali wakauacha mezani. Sasa wako kwa jirani.

Nimeosha kuta peke yangu. Maji yametoka rangi ya chai isiyo na maziwa.

Aende kwingine, nilisema. Kemunto angeenda wapi? Mama yake yuko kitandani, na mimi nilijua hivyo siku namwajiri. Nilijua hatathubutu kunisumbua. Nilimpendea hilo.

Jumapili, 15 Machi

Nimefunga hoteli, nikaenda kwao. Nimemkuta anatoka kuchuma majani chai kwenye shamba la jirani, kikapu bado mgongoni. Akaniletea kiti.

Nimemwambia moshi hakuna tena, arudi. Nikamwomba msamaha kwa ile ya barazani, kumlazimisha adanganye mbele ya watu.

Akasema hakudanganya. Nilimwuliza kama amewahi kulalamika, na kweli hajawahi. Sikumwuliza kama anaumwa.

Hajasema atarudi. Sikumbembeleza. Amenisindikiza mpaka barabarani, tumepanda kilima taratibu. Mimi ndiye niliyekuwa nahema. Njia nzima nilikuwa nakisikiliza kifua chake. Hakikupiga filimbi hata mara moja.