Nyumba Iliyo Ukingoni

Doha, 12 Agosti 2023

Dada Darmi,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, ni joto tu linalotuchoma. Goti lako vipi? Na mbuzi wamepata malisho?

Nimezungumza na wenzetu wa Hola na Malindi. Novemba shule zikifungwa, wajukuu wote wa Babu Jarso tukutane kwenye Nyumba ya Pamba. Tulale mle mle kama utotoni, wanetu waone jumba alilojenga Mzungu wa pamba, babu akalinunua kwa ng'ombe wake. Tangu tumzike mama hatujakaa sinia moja. Funguo unazo wewe, tuandalie vyumba.

Mdogo wako,
Nuh

Garsen, 30 Agosti 2023

Nuh mdogo wangu,

Waalaikum salaam. Goti asubuhi linakubali, jioni linakataa. Mbuzi wapo, alhamdulillahi.

Habari yako imenifurahisha, kisha ikanitia hofu. Hujaiona nyumba siku nyingi. Mto umehama. Uwanja tuliochezea umeliwa wote. Ukikaa barazani unaweza kutema mate yakaangukia majini. Ukuta wa sebule una ufa unaoingia mkono wangu mpaka kiwiko. Nikisimama pale nasikia udongo ukidondoka chini yangu, tubwi, tubwi. Ndiyo maana nimehamia mjini kwa Halima, rafiki yangu. Tukutane Tarasaa kwa binamu Kafia, kuna nafasi na ni pakavu.

Dada yako,
Darmi

Doha, 17 Septemba 2023

Dada,

Salaam. Natumai u mzima.

Nimemsomea Ami Tadicha barua yako kwa simu. Alicheka. Anasema mto huo unakula ukingo tangu akiwa kijana, na nyumba ya babake ipo palepale. Halafu akaniuliza, "Kwani Darmi hataki watu waingie kwa nini?"

Nyumba ni yetu sote. Kama kuna mtu umemwahidi kumuuzia, sema. Kama hakuna, fungua milango.

Nuh

Garsen, 25 Oktoba 2023

Nuh,

Salaam. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilitoka na hasira.

Sijamwahidi mtu yeyote. Nimefagia, nimetandika mikeka, funguo nimempa Ami. Kule juu mvua imeanza, maji yamekuwa mekundu na hayana sauti. Sitasema tena.

Dada yako,
Darmi

Doha, 8 Novemba 2023

Dada Darmi,

Shikamoo. Afya yako? Huku wamenichelewesha ruhusa mpaka wiki ijayo. Anzeni bila mimi. Nitumie picha ya watu wote barazani, Ami akae katikati. Mbona simu hushiki?

Mdogo wako,
Nuh

Garsen, 13 Novemba 2023

Nuh,

Salamu zimenishinda kuandika.

Jumamosi tulikuwa tumemaliza kula. Watoto nilikuwa nimewapeleka nyuma ya nyumba tangu asubuhi, wakanung'unika kwamba nawanyima kuona mto. Wakubwa walikuwa barazani. Mara Ubah, mke wa binamu yetu, akapiga kelele: "Sakafu inatembea!"

Walikimbia wote isipokuwa Ami. Nilirudi nikamshika mkono. "Ami, inuka!"

"Niache, mwanangu. Hapa ni kwa babangu."

Nilivuta. Aliuchomoa mkono wake mwenyewe, Nuh, wala hakuwa na hasira. Wanaume wakaninyakua kwa nyuma. Baraza likaondoka naye polepole, kama mtu anayeketi. Kisha sebule, kisha paa. Hata vumbi halikupanda, maji yalimeza kila kitu.

Wengine wote wazima, wako kwa Kafia. Wapokomo wa kando ya mto wanapita na mitumbwi kila asubuhi kumtafuta. Mpaka sasa hajaonekana. Watu wananiuliza ni nani aliyeshikilia tulale mle. Jina lako sijalitaja.

Barabara imekatika, lakini ikifunguka njoo. Usipitie kwingine kwanza kuomba radhi. Njoo kwangu, tushuke mtoni wote wawili.

Dada yako,
Darmi