Jiwe la Wagiriki na Choo cha Mama

Mtaa wa Giudecca,
Ortigia, Sirakuza.
19 Novemba 2018

Mpendwa Mama mdogo Agata,

Ninayo heshima kubwa kuutangazia ukoo wote, ulioko huku na ulioko huko Melbourne, kwamba baada ya miaka elfu mbili na mia saba tangu Wagiriki washuke kwenye kisiwa hiki, nyumba ya babu Vanni ilikaribia kupata choo cha pili. Nasema ilikaribia. Tangazo limekwisha, mnaweza kuketi.

Sasa nikuamkie inavyopasa. Shikamoo, Mama mdogo. U hali gani? Magoti yanasemaje? Sarina mke wangu anauliza kama yale mafuta ya kuchua yalifika au yaliishia kwa watu wa forodha. Sisi huku ni wazima, kwa kadiri mtu anavyoweza kuitwa mzima anapoandika barua akiwa amelala kifudifudi sakafuni. Mgongo wangu umekataa kiti, umekataa kitanda, umekubali vigae tu. Kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka, nisamehe.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu ipo, na Mama yupo kando yake kutwa. Macho yanamwacha, miguu imekwisha, lakini masikio anayo ya msichana. Haya ninayokuandikia hayapaswi kupita mbele yake.

Figo zake sasa zinasafishwa hospitali mara tatu kwa wiki. Kila safari lazima ashushwe kutoka ghorofa ya tatu na kupandishwa tena, kwa ngazi zile unazozijua, za kupita mtu mmoja na kivuli chake. Hadi Pasaka tulimbeba mimi na mdogo wangu Iano, Mama katikati kwenye kiti cha jikoni kama sanamu ya Mtakatifu Lusia siku ya maandamano, tofauti ni kwamba sanamu haitukani wabebaji. Iano amekwenda Ujerumani kutengeneza matairi. Nafasi yake ameichukua Salvo, muuza samaki wa hapo mlangoni, mtoto wa yule Orazio aliyetaka kukuoa. Nguvu anazo. Tatizo ni harufu, na Mama hamfichi.

"Salvo, leo umeuza ngisi."

"Ndiyo, Mama Nunziata."

"Hujawauza wote."

Ndipo tukaamua tumshushe moja kwa moja. Ile stoo ya chini alimokuwa akilala punda wa babu, tuitie sakafu, dirisha, kitanda na choo, Mama aishi humo siku zake zilizobaki na atoke mlangoni kwa miguu yake na ufagio wa kuegemea. Fundi Cirino alianza mwezi wa nane. Akachimba mtaro wa maji machafu, na siku ya pili sururu ikalia.

Unajua sururu ikilia Ortigia maana yake nini. Cirino alizima redio, akafunga mlango, akaniita kwa kidole. Lilikuwa pande la nguzo, la duara, limelala ubavu, pana kuliko meza yetu ya kulia, lina mifereji kama ile ya nguzo za hekalu la Kigiriki zilizomezwa na ukuta wa Kanisa Kuu.

"Kaka Marciano," akasema, "mimi sijaona kitu. Wewe umeona kitu?"

"Sijaona."

"Basi Jumatatu naleta zege. Shemeji alete keki."

Desturi yenyewe unaijua, umezaliwa nayo. Jiwe hupewa zege, fundi hupewa keki za jibini, na Wagiriki huendelea na usingizi wao. Mimi niliyeishia darasa la tano, na mengine nikayaokota kwa kusikiliza waongoza watalii huku nikiuza picha ninazochora kwenye karatasi za mafunjo, naweza kuapa kwamba vyoo vya mtaa huu vimekalia historia kuliko maprofesa wote. Hakuna anayesema. Ukisema, Idara ya Mambo ya Kale inakuja na utepe wa plastiki, na wewe unakuwa mgeni katika stoo yako.

Jumamosi ya wiki hiyo hiyo akatua mjukuu wako Deni.

Kijana mzuri, Mama mdogo, mrefu, mwenye adabu, anakula. Uliniandikia nimwonyeshe mji wa mababu, nami nilifunga biashara siku nzima nikamwonyesha. Nikampeleka hekalu la Apolo, akahesabu paka. Nikampeleka kwenye ukumbi wa tamthilia wa Wagiriki, nikamweleza kwamba watu walikuwa wakikaa hapa kutwa, juu ya mawe, kutazama wana wakiua mama zao kisha wakijuta. Akauliza kama walipewa mito. Ndani ya pango la Sikio la Dionisio nikamwambia jinsi mtawala huyo wa kale alivyojificha juu akasikiliza minong'ono ya wafungwa wake. Deni akanong'ona kitu ukutani. Nikamuuliza amesema nini. Amesema ana njaa.

Kwenye chemchemi ya Aretusa nilimpa hadithi yote bila haraka, jinsi binti alivyokuwa akioga mtoni kwao Ugiriki, mungu wa mto ule, Alfeo, akamtamani, binti akatimua mbio, akageuzwa maji, akapita chini ya bahari nzima mpaka akaibuka hapa kwetu, na Alfeo naye akajigeuza maji akamfuata akachanganyika naye. Deni akafikiri kidogo.

"Huyo leo angeshtakiwa, mjomba."

Nikaendelea kuyatazama maji. Moyoni nilikuwa nakufikiria wewe, uliyepanda meli mwaka sitini na moja na sanduku la kadibodi. Alfeo alivuka bahari chini kwa chini. Orazio hakufika hata bandarini. Alisema ana samaki watakaoharibika.

Jioni mezani Mama akamuuliza, "Umeona nini, mjukuu wangu?"

"Mawe, bibi. Yote yako nyuma ya uzio."

Mama akaweka kijiko chini. Akanigeukia.

"Marciano, mtoto ametoka mwisho wa dunia. Umemzungusha kwenye mawe ya serikali, la kwetu umemficha?"

"Mama, Jumatatu fundi anakuja."

"Jumatatu ni yako. Leo mimi nina mgeni."

Ungefanyaje? Katika nyumba hii mgeni hulala kitanda kizuri, hupewa samaki mwenye kichwa, na haondoki hajaonyeshwa kilicho bora. Nikashuka naye. Deni alipiga magoti, akaweka kiganja ndani ya mfereji wa jiwe, akaufuata hadi mwisho. Nilijivuna, sitakuficha. Kisha akatoa simu.

Tafadhali usimgombeze. Aliipenda ile picha kwa moyo safi, akaiweka mtandaoni ili dunia nzima ifurahi naye, na akataja mtaa.

Jumatatu zege na Idara walifika pamoja. Cirino akawaambia zege ni la mahali pengine, akaondoka nalo. Keki nazo akaondoka nazo. Aliyeongoza wakaguzi alikuwa Daktari Mirabella, mwanamke kijana, wa Noto, mpole mpaka inakera. Alipoliona jiwe macho yalimlegea. Akapanda ngazi zote kumpa Mama hongera.

"Mama Nunziata, miaka yote hii umekuwa ukilala juu ya Ugiriki."

"Mwanangu," Mama akasema, "mimi nataka kulala karibu na choo."

Utepe ukafungwa. Uchimbaji utafanyika fedha zikipatikana, na fedha nazo, alivyotueleza kwa upole ule ule, hazijulikani zinapatikanaje. Stoo ina shimo katikati na mfuniko wa mbao, na watalii wanagonga mlango kuuliza saa za kufungua.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sina mzaha. Alhamisi iliyopita tulimwangusha Mama. Kwenye kona ya ghorofa ya pili mgongo wangu ulikatika kama kamba, nikaachia. Salvo alijitupa chini ya kiti, la sivyo leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine. Mama ameumia bega. Hakulia. Alikaa pale ngazini ameshika ukuta, akaniambia, "Pumzika kwanza, mwanangu, mimi siendi popote," na mimi ndiye niliyelia, mtu wa miaka sitini, mbele ya muuza samaki. Sasa tunawategemea vijana wa Msalaba Mwekundu, wakipata nafasi. Jumamosi hawakupata. Akakosa kusafishwa, akavimba miguu mpaka viatu vikamkataa. Mama mdogo, akikosa tena mara mbili mfululizo daktari wa hospitali hataki hata kunitamkia kitakachotokea. Ninahesabu pumzi zake kupitia ukuta. Sijui tena la kufanya.

Iano anapiga simu kutoka Ujerumani kusema tumpeleke kwa masista wanaotunza wazee huko Floridia. Wana kitanda kimoja, wanatushikia hadi Krismasi. Nilimtajia Mama mara moja tu. Alisema shoga yake Pippina alipelekwa huko akitembea, akarudishwa akibebwa na watu sita. Kisha akageukia ukutani na hakula siku mbili. Nikimpeleka nitakuwa nimemzika kwa mikono yangu. Nisipompeleka, ngazi zitamzika.

Imebaki njia moja, na inapita kwako.

Mwezi uliopita Daktari Mirabella alirudi. Nadhani Mama amemwingia moyoni. Akaniambia, "Ndugu Marciano, kama jiwe liko pale lilipoangukia zamani zile, siwezi kuligusa. Lakini kama lililetwa na mtu, hata baada ya vita, basi ni jiwe lililopotea njia tu. Tunalibeba wiki hiyo hiyo, ninyi mnaendelea na choo chenu. Hakuna mtu anayekumbuka?"

Nikamtazama Mama. Nilimwomba kwa macho, kwa nyusi, nilikohoa. Mama akakaa wima kitini.

"Liko hapo tangu Wagiriki. Baba yangu hakuwahi kuokota kitu cha mtu barabarani."

Unamjua dada yako. Kwake, kusema babu Vanni alileta jiwe ni kusema babu Vanni aliiba. Nilimweleza kwamba baada ya mabomu mawe yalikuwa yamezagaa kila mahali, watu walijengea, walikalia, walifulia. Akasema watu, ndiyo. Baba yake, hapana. Atakufa juu ya ngazi ili babu abaki mwaminifu kaburini.

Katika watu waliokulia nyumba hii, uliyebaki ni wewe peke yako. Sikuombi useme uongo, Mama mdogo. Nakuomba ukumbuke. Kaa mahali palipotulia, unywe kahawa, ukumbuke. Ulikuwa mtoto, na watoto huona mengi. Pengine utakumbuka mkokoteni. Mkokoteni ungefaa sana. Pengine utakumbuka babu na wanaume wawili wakisukuma kitu kizito kutoka upande wa Kanisa Kuu, na bibi akipiga kelele kwamba kinakwaruza sakafu. Wale wanaume wawe marehemu. Punda usimtaje, aliuzwa kabla ya vita, na Mirabella ni mtu wa kuuliza. Padre Gaetano usimtaje pia, bado yu hai na ana kumbukumbu mbaya sana, anakumbuka kila kitu.

Kama kweli hukumbuki mkokoteni wowote, basi kumbuka mikono ya dada yako iliyokusuka nywele hadi siku ya meli, uone kama mkokoteni hautokei.

Ukiandika mistari michache na kutia sahihi, mpe Deni aipige picha amtumie Sarina. Kupiga picha anajua. Na mpaka tutakapomaliza, Mama asijue chochote. Nitamwambia serikali imebadili nia. Hilo ataliamini, ameliona mara nyingi.

Nisalimie mwanao Rosaria na mumewe, Deni kwa upendo wote, na yule mtoto mchanga aliyezaliwa Juni ambaye picha yake iko kwenye kioo cha kabati la Mama, ingawa sasa huipapasa tu. Sarina anakusalimu, Salvo anakusalimu. Orazio naye, nilipomwambia nakuandikia, aliuliza huko samaki ni bei gani.

Mungu akutunze wewe na magoti yako, Mtakatifu Lusia akuachie macho ya kuwaona wajukuu wa wajukuu, na asitusahau sisi tulio juu ngazini.

Wako akupendaye, mwanao,
Marciano

Nyongeza: Nimefungua bahasha tena. Sarina amepita Idara ya Mambo ya Kale kumwarifu Daktari Mirabella kwamba kuna shahidi Melbourne. Daktari amehamishiwa Trapani tangu wiki iliyopita. Nafasi yake haijapata mtu wa kupokea ushahidi.