Kikohozi cha Mihrabuni

Jumatatu, 3 Septemba 1956
Nimepima mihrabu tena. Kina chake futi nne na inchi mbili. Jumamosi nilipata pungufu. Kosa langu. Paa la msikiti huu wa kale liliporomoka zamani. Zimebaki kuta za matumbawe na tao moja lenye ncha, mawe yamechongwa laini kama mbao. Nani aliujenga? Wanakijiji husema Washirazi, basi. Ofisi inataka ramani Ijumaa.
Nimesikia mtoto akikohoa. Nimetoka nje. Hakuna mtu.

Jumanne, 4 Septemba
Kikohozi tena, ndani ya ukuta wa kibla. Nimeuzunguka. Nyuma ni makaburi ya kale tu, yale yenye nguzo, na mashimo palipobanduliwa bakuli za Kichina. Nimeandika vipimo, nikafuta. Naogopa. Mtu mzima mimi.

Jumatano, 5 Septemba
Kikavu, viwili viwili, kisha pumzi ndefu. Nakijua. Mwanangu Saidi alikohoa hivyo mwaka jana nilipomwacha nikaenda kazini milimani, Amani. Miaka minne alikuwa nayo. Barua ilinikuta huko siku tatu baada ya kumzika. Niliporudi Tanga sikwenda kaburini. Mke wangu Zuhura hakuniambia niende. Tangu hapo hatumtaji.
Leo nimeita jina lake mihrabuni. Kimya. Afadhali kikohozi.

Alhamisi, 6 Septemba
Bi Mwanaidi, ajuza anayefagia makaburi, amenikuta nimeketi chini nalia. Hata shikamoo haikutoka vizuri. Nimemweleza yote. Hakushangaa.
"Hapa kila mtu humsikia wake, mwanangu. Mimi humsikia mume wangu. Wako amelazwa wapi?"
Sijui. Hata kaburi ni lipi. Aibu.
Ramani imekwisha. Nyumbani nimemkuta Zuhura anakuna nazi. Nikamwambia, "Nionyeshe alipo Saidi." Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu.
"Mwaka mzima nakungoja uulize," akasema.

Ijumaa, 7 Septemba
Ramani nimeipeleka ofisini asubuhi. Baada ya sala tumekwenda, Zuhura mbele. Mwendo wa robo saa tu. Njia hiyo ya makaburini nilikuwa nikiikwepa bila kukiri hata moyoni.
Kaburi dogo. Magugu yameng'olewa juzi juzi; kumbe amekuwa akija peke yake. Nimesoma Fatiha, nikakosea, nikaanza upya. Zuhura amevua viatu, akaketi kando ya kaburi. Kisha akajisogeza kidogo, akaniachia nafasi.