Bahasha za Mteremko wa Kerslake

Hobart, 4 Machi

Dada Imogen,

Shikamoo. U hali gani huko Marekani kwenye theluji? Sisi wazima, ila goti la Mama linamsumbua.

Baiskeli zangu za kukodi kwa pamoja zimeanza, vituo kumi na viwili mji mzima. Wakubwa wa jiji wamenipa miezi sita, kisha wataamua ziingie kwenye mpango wa usafiri au zitupwe. Mama ndiye mteja wa kwanza. Kila asubuhi anachukua moja juu ya mteremko wa Kerslake anateremka sokoni, na miaka yake sabini na moja! Ila nimezipenda mno, naogopa sitazihukumu kwa haki. Ninyi wanasayansi mnafanyaje?

Mdogo wako,
Callum

Illinois, 19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, macho tu yamechoka. Wewe na kupenda vyuma, tangu utotoni!

Hapa tunapima usumaku wa muoni, chembe inayozunguka kama pia ndani ya sumaku kubwa, ikafa kabla hujapepesa jicho. Kasi kamili ya saa tunayopimia tumefichwa. Wageni wawili wanayo kwenye bahasha, na haifunguliwi hadi hesabu iishe, tusije tukaipindisha kuelekea jibu tunalolitamani. Msalimie Mama.

Dada yako

Hobart, 2 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini macho yamepona.

Nimekuiga tangu mwisho wa Machi. Barua zote za wapanda baiskeli, za sifa na za lawama, mwanasheria wa ofisi anazifungia kabatini hadi Septemba. Mama nimemweleza, kaipenda kanuni. Zimefika thelathini na tisa, nyingi zimeletwa siku za mvua. Sijui zinasema nini. Mikono inaniwasha.

Mdogo wako

Illinois, 3 Mei

Callum,

Salamu baadaye. Zifungue leo. Muoni haivunjiki mguu nikichelewa kusoma. Nilikufundisha kuficha jibu, sikukufundisha kuziba masikio watu wakilia. Na Mama asipande mvua ikinyesha.

Dada yako

Illinois, 8 Mei

Callum, mbona kimya? Simu hupokei, Mama naye hapokei. Nina hofu.

Dada

Hobart, 9 Mei

Dada,

Barua yako ilinikasirisha, nikasema nitazifungua Jumatatu. Jumamosi ilinyesha. Mama alianguka na baiskeli kwenye kona ya Kerslake, na hadi leo hajaamka. Nilishindwa kukwambia, nisamehe.

Nimezifungulia hapa hospitali, sakafuni. Ishirini na sita zinasema jambo moja: breki ya mbele haishiki ikilowa. Ya tisa ni mwandiko wa Mama, 11 Aprili:

“Waheshimiwa, breki za baiskeli za Kerslake zinateleza kwenye mvua. Mimi naburuta miguu, lakini wengine je? Mkuu wa kazi hii ni mwanangu. Hataki kuambiwa lolote hadi Septemba, nami nyumbani sitamwambia.”

Kila jioni tulikula pamoja, dada. Alikuwa akinipakulia, ananiuliza kazi inaendaje. Namwambia sijui, anacheka.

Daktari anasema uje upesi.

Mdogo wako